Kidole kidogo kikifa ganzi: yaliyoukuta mkono wangu wa solo

Wanamuziki tukikaa kijiweni tukaanza kuhesabu maradhi yetu tutataja mgongo, koo, macho ya kukesha, vidonda vya tumbo kwa sababu ya kula saa nane usiku, ila ganzi hatuitaji kabisa. Mtu anakwambia "mkono umelala kidogo", anaukung'uta, anaendelea na wimbo. Mi napiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar, miaka mingi sasa, na kama kuna kitu nataka wenzangu wakisikie ni hiki: maumivu yanaweza yakawa ya msuli tu, ukapumzika yakaisha, lakini ganzi inayorudi kwenye vidole vilevile kila siku ujue kuna mshipa wa fahamu unabanwa sehemu, na sehemu yenyewe mara nyingi sio pale unapoisikia. Na gitaa linaweza lisiwe ndo mkosaji namba moja, hilo ndo lililonishangaza kuliko yote.

Yangu ilianzia kidole kidogo cha mkono wa kushoto, mkono wa kubana nyuzi. Kidole kidogo chote, alafu kile cha pete nusu tu, ule upande unaotazamana na kidogo. Hiyo nusu ishike maana ndo ilikuja kusema kila kitu baadae. Mwanzoni inakuja inaondoka, baadae ikawa inakuja usiku wa shoo tu, baadae tena ikahamia asubuhi, naamka nayo, najifunga vifungo vya shati nahisi vidole viwili vimechelewa kuamka. Maumivu hamna. Na kwa sababu hamna maumivu hata mke wangu nilikuwa simwambii.

Ambaye hajui muziki wetu nimweleze kidogo. Wimbo wa dansi unaanza taratibu, mwimbaji anaimba mistari yake na solo unamjibujibu, mkono uko huku karibu na kichwa cha gitaa, kiwiko kimenyooka kiasi, raha mustarehe. Alafu linakuja sebene, ile sehemu ya kasi ya watu kucheza. Hapo unapanda juu, freti (vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa) ya 12 na kuendelea, unarudia kifungu kilekile kwa spidi, na ili vidole vifike kule inabidi kiwiko ukikunje kabisa, kifundo cha mkono ukipinde, bega nalo linapanda bila kuambiwa. Na huachii mpaka kiongozi atoe ishara, na kiongozi hawezi kutoa ishara watu wakiwa wanatunza, yani mama wa watu kaja na noti za elfu mbili mbili anakubandika usoni mojamoja huku anacheza, we utaukata wimbo? Ndo hapo kidole kidogo kikaanza kunisaliti. Nakituma kwenye uzi wa kwanza kinatua wa pili, au kinatua sawa lakini hakina nguvu ya kubana, noti inatoka imekufa. Wacheza dansi hawajui, wao wanacheza tu, ila mpiga besi alikuwa ananigeukia.

Sasa kwenye fani yetu tiba inaanzia duka la dawa. Kijana wa dukani hakuulizi vidole vingapi, anasikia "ganzi" anatoa vidonge vya vitamini B, na kama una hela kidogo anakuchoma ile sindano yake nyekundu, mkojo unabadilika rangi unajiona umetibiwa. Ukisema na maumivu yapo anaongeza diklofenaki. Ukirudi ameshaisha maneno anakwambia hiyo ni baridi yabisi. Nje ya duka la dawa kuna wa masaji, huyu atakukandamiza kiwiko kwa dole gumba mpaka machozi yakutoke, na kuna wa tatu atakuuliza kwa sauti ya chini kama bendi jirani wana ugomvi na wewe. Sidharau mtu. Vitamini B inamsaidia yule ambaye imepungua mwilini kweli, lakini mshipa uliobanwa na mkao hautoki kwenye kibano kwa sindano, na B6 ikizidi sana kwa muda mrefu yenyewe inaweza kukuletea ganzi, hilo wengi hatuambiwi. Na wa masaji anayekandamiza pale nyuma ya kiwiko anaukandamiza mshipa wenyewe juu ya mfupa.

Kipindi hichohicho mpiga kinanda wetu naye alikuwa na ganzi yake, tukawa tunagawana dawa mimi na yeye, strip moja huyu vitano huyu vitano, maana wote si tunaumwa ganzi bwana. Kumbe wala hatuumwi kitu kimoja. Yeye vilikuwa vinakufa ganzi gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, ile nusu nyingine ambayo kwangu ilikuwa nzima. Na yake ilikuwa inamwamsha usiku, saa tisa anakaa kitandani anaukung'uta mkono ndo anapata nafuu, mkewe akawa anahamia kwenye kochi.

Hiyo ramani ya vidole ndo siri ya mambo yote. Kidole kidogo na nusu ya cha pete ni mshipa unaitwa alna, huu unapita nyuma ya kiwiko kwa ndani, kwenye kijibonde kati ya mifupa, juujuu kabisa chini ya ngozi, ndo ule ambao ukigonga kiwiko kwenye kona ya meza unasikia shoti mpaka kidole kidogo. Mkono ukinyooka una nafasi yake, ukikunja unavutika na njia yake inabana. Kukunja dakika tano hamna neno. Kukunja masaa, tena kila siku, mshipa unakosa damu ya kutosha, unavimba, unaanza kutuma taarifa mbovu, ganzi kwanza, ukichelewa sana ndo nguvu nayo inaondoka. Gumba mpaka nusu ya cha pete ni mshipa mwingine, mediani, na huu kibano chake cha kawaida ni kwenye kifundo cha mkono, kuna njia nyembamba pale mifupa chini na ukanda mgumu juu, wenyewe wanaiita kapali taneli. Ndani mnapita kano 9 za kukunjia vidole pamoja na huo mshipa. Ni daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, akiongezeka mmoja tu anayelia ni mtoto.

Aliyenitoa kwenye duka la dawa ni shemeji yangu nesi. Aliniangalia mkono tukiwa msibani, akauliza mbona hapa pamebonyea, pale juu ya mkono kati ya gumba na kidole cha shahada, akafananisha na wa kulia. Tofauti ilikuwa ndogo lakini ipo. Akasema shemeji, nyama ikianza kukauka hapo usisubiri mwezi uishe, nenda hospitali kubwa.

Dokta nilimkuta dada mmoja mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, na nilikaa pale nikiwa na wasiwasi wangu wa kizee. Alichokifanya kwanza hakikuwa hata na mashine. Akachukua karatasi ya cheti akanipa niishike kwa gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mikono yote miwili, yeye akawa anaivuta upande wake. Mkono wa kulia gumba limelala limenyooka, karatasi haitoki. Wa kushoto gumba likajikunja lenyewe kwenye kiungo, mi nimekaza tu wala sijaliambia lijikunje. Akaniambia "baba, unaona hapo unaomba msaada kwa msuli mwingine, huu wa kwako wa kawaida umechoka." Akarudia nione mwenyewe. Alafu akanikunjisha viwiko vyote kabisa nikae hivyohivyo, na kabla hata dakika haijaisha kidole kidogo cha kushoto kikaanza kuwaka.

Kilichofata sikukitegemea. Akapapasa nyuma ya kiwiko taratibu kwa ncha za vidole, kushoto, kulia, kushoto tena, alafu akaniambia nivue shati. Akaangalia mgongo, mikono, masikio, anagusa ngozi kwa kipande cha pamba huku nimefumba macho niseme nikisikia. Nikamuuliza dokta unatafuta nini, akasema ukoma. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba ukoma bado upo nchini kwetu, na unapenda sana mshipa huohuo wa alna, unaunenepesha pale nyuma ya kiwiko mpaka unaushika kwa vidole, na unaweza kuleta ganzi na vidole kujikunja, kwahiyo mtu akija na ganzi ya kidole kidogo lazima ngozi iangaliwe mabaka yasiyosikia. Dawa zake ni bure na unapona, shida ni kuchelewa. Mi sikuwa nao, lakini tangu siku hiyo mtu akiniambia ana ganzi mkononi swali langu la kwanza ni kama ana baka lolote mwilini ambalo halisikii. Nikapimwa na sukari, ikawa sawa. Shingo nayo ikaangaliwa kwa sababu mishipa hii yote inaanzia huko, mfupa wa shingo ukibana unaweza ukadhani ni mkono.

Alafu maswali. Nilidhani ataniuliza kuhusu gitaa, na aliniuliza kweli, akaniambia siku ya kurudi nije nalo anione nalishikaje, ila kabla ya hapo akaniuliza unalalaje? Simu unashika mkono gani? Ukiwa kwenye gari kiwiko unakiweka wapi? Nikaanza kujibu na kadri ninavyojibu ndo naona picha yenyewe. Nalala ubavu, mkono wa kushoto umekunjwa ngumi chini ya shavu, usiku kucha. Simu mkono wa kushoto, iko sikioni au iko usoni nimelala chali naangalia video mpaka inaniangukia. Kwenye daladala nakaa dirishani, kiwiko juu ya chuma cha dirisha Gongo la Mboto mpaka Kariakoo na foleni yote ile. Kabla ya shoo nakaa kaunta nimeegemea viwiko viwili naongea na mashabiki. Ukijumlisha hapo utaona stejini mkono unakunjwa masaa machache na hata hayo sebene sio wimbo mzima, kitandani ni usiku mzima kila siku ya Mungu. Gitaa lilikuwa linaumalizia mshipa ambao umeshachoka.

Kwahiyo tiba yangu ya kwanza ilikuwa taulo. Unachukua taulo la kawaida, unalizungushia kiwiko, unafunga na bandeji ya kuvutika isiwe ya kukaza, lengo sio kukinyoosha kabisa ni kukizuia tu kisikunjike sana ukiwa usingizini. Kulala na taulo mkononi Dar es Salaam mwezi wa pili, umeme umekatika, feni imesimama, nadhani hamna haja ya kuelezea. Wiki ya kwanza nilikuwa naamka taulo liko sakafuni, nimelivua usingizini bila kujua. Mke wangu akalifunga kwa khanga juu yake, fundo akaliweka upande ambao mkono wa kulia haulifikii vizuri, ikakaa. Simu nikahamia spika na hedfoni. Dirishani nikahama. Kaunta nikawa nasimama, watu wakaanza kusema jamaa siku hizi anaringa.

Kwenye gitaa lenyewe tulibadilisha vitu, na hapa nitasema kwa urefu kidogo maana ndo kazi yangu. Mkanda ulikuwa mwembamba wa nailoni, nikaweka wa ngozi mpana, gitaa la mbao nzima linaweza kuwa na kilo 4 na lote linaning'inia kwenye bega moja, na hapo begani nako kuna mishipa inapita kwenda mkononi. Urefu wa mkanda ndo mtihani. Ukilishusha gitaa mpaka mapajani kama vijana wa roki kifundo cha mkono kinapinda vibaya sana, hapo unamkaribisha mediani. Ukilipandisha kifuani kiwiko kinakunjika zaidi, hapo unamuumiza alna. Mi nililiweka usawa wa kitovu, kichwa cha gitaa kimeinuka kidogo, na kule freti za juu nikajifunza kusogeza mkono mzima na kusukuma kiwiko mbele badala ya kukikunja kibaki kimenata ubavuni. Nyuzi nikashuka kutoka namba 10 kwenda 9, ambazo ni nyembamba zaidi, fundi akazishusha zikae karibu na freti, kwahiyo nguvu ya kubana ikapungua. Sauti ikawa nyembamba kidogo, mzee mmoja shabiki wetu wa siku zote alilalamika, ila ndo hivyo. Mazoezini nikaanza kukaa kwenye kiti. Na sebene tukakubaliana nusu ya kwanza nipige mimi, ya pili aingie second solo, yule mpiga gitaa wa pili, mi nishuke chini nijibu tu, na watu wamelipenda hivyo kuliko zamani.

Nafuu haikuja kwa mkupuo. Asubuhi ndo zilianza kupona, wiki kadhaa hivi, baadae ganzi ya stejini ikapungua, nguvu ya gumba ndo ilichelewa kuliko vyote. Mtu wa fiziotherapia alinieleza kwamba mshipa uliobanwa tu bila kuharibika unaamka mapema, ila nyuzi zake zikishakufa inabidi zikue upya na zinakua kama milimita 1 kwa siku, na kutoka kiwiko mpaka kidole kidogo ni zaidi ya sentimita 30, piga hesabu mwenyewe. Ndo maana shemeji alisema usisubiri. Walinifanyia na kile kipimo cha umeme, wanakubandika waya wanakupiga vishoti vidogo wanaangalia taarifa inasafiri kwa kasi gani, yangu ilikuwa inapunguza mwendo palepale kiwikoni, kwahiyo ubishi ukaisha. Kama ningeendelea kupoteza nguvu wangenifungulia njia ya mshipa, au wauhamishie mbele ya kiwiko usivutike tena. Haijafika huko.

Mpiga kinanda safari yake ilikuwa tofauti. Yeye alipimwa sukari ikakutwa iko juu, kisukari alikuwa nacho hajui, na kisukari ni moja ya vitu vinavyoandaa mazingira ya kapali taneli, sawa na tezi ya shingo kufanya kazi pungufu au ujauzito kwa akina mama. Yani mkono ndo ulimpeleka kujua. Alivaa splinti ya kunyoosha kifundo usiku, ikasaidia kidogo, akachomwa sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, palepale kifundoni ikampa miezi ya raha alafu ganzi ikarudi. Ikabidi mkono wa kulia wapasue, wanaukata ule ukanda mgumu wa juu ili njia ipanuke, na hiyo operesheni ni fupi, anachomwa sindano ya ganzi hapohapo mkononi, anarudi nyumbani siku ileile. Alituambia usiku wa kwanza tu alilala mpaka asubuhi. Kubana kwa nguvu na kubeba kinanda ndo kulichukua muda mrefu, kiganja kilikuwa kinauma upande wa chini kila akijiinua kitini.

Niweke na hili maana nishaona watu wanachanganya. Sio kila mkono unaogoma ni mshipa umebanwa. Alikuwepo mpiga piano mkubwa wa Marekani, Leon Fleisher, mkono wake wa kulia uligoma mwaka 1964, vidole vinajikunja vyenyewe, akapiga kwa mkono wa kushoto tu miaka mingi, na baadae ikaja kujulikana ni distonia, tatizo la ubongo kutuma amri zilizovurugika kwa kile kitendo kimoja tu cha kupiga. Sindano za botoksi, zile za kulegeza msuli, ndo zilikuja kumrudisha kwenye mikono miwili miaka ya 1990. Kwahiyo ukiona hamna ganzi, hamna maumivu, kijiko unashika vizuri, ila ukigusa chombo tu kidole kimoja kinajikunja, hiyo ni habari nyingine na taulo halitasaidia.

Hela sijaiongelea na ndo inayotufunga midomo. Bendi zetu nyingi unalipwa ukipanda stejini, usipopanda anapanda deiwaka, na deiwaka akipendwa ndo imekula kwako. Mi nilikaa kimya muda mrefu kwa sababu hiyo, na mpiga kinanda vilevile, kila mmoja anajua cha mwenzie na wote tunamficha kiongozi. Tulipokuja kumwambia hakukasirika, alisema tu angejua angeshatupangia sebene vinginevyo, na baadae tukasikia hata mpiga tumba naye mikono inamfia ganzi.

Mpiga kinanda mkono wa kushoto bado hajapasuliwa, anasema anasubiri msimu wa harusi uishe. Nishamwambia asisubiri sana, namuona anavyoangusha kifuniko cha soda, na kile kinundu cha nyama chini ya gumba kimeanza kulala, kikishalala kabisa operesheni inafungua njia lakini nyama inaweza isirudi yote. Amesema atakwenda mwezi ujao. Namba yake nimempa shemeji yangu nesi ampigie yeye mwenyewe, maana mi huyu jamaa ananizoea.